Msiwaambie vijana wafungie kamera za filamu msimu wa mvua

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu vijana wanaorudia kamera za filamu ilinifurahisha hadi nilipofika sehemu ya ushauri. Mwandishi wenu anasema kamera hizo zimezeeka mno, kwa hiyo zifungiwe kabatini kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Novemba. Anaongeza kwamba kamera ikilowa kwa bahati mbaya, mwenyewe aizike ndani ya mchele au aianike juani mpaka ikauke. Mimi napiga picha hapa Kasese, chini ya milima ya Rwenzori, na kazi hii ndiyo iliyonilisha na kusomesha wanangu. Ushauri wa kwanza ukifuatwa, mpiga picha wa huku atakaa nusu mwaka bila kazi. Ushauri wa pili ukifuatwa, hatakuwa na kamera.

Maarifa niliyonayo niliyapata kwa mjomba wangu, aliyekuwa na studio Kilembe enzi za mgodi wa shaba. Mgodi ule ulianza kuzalisha mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese, na kazi ikasimama mwaka 1982. Wachimbaji walitoka kila upande, wengine Kigezi, wengine Rwanda, wengine ng'ambo ya mpaka Kongo, na kwenye kota Kiswahili ndicho kilichowawezesha kuelewana. Ndiyo maana hadi leo nawaandikia kwa Kiswahili wakati majirani zangu wananishangaa. Picha walizozitaka zilikuwa za kutuma kwao: mtu amesimama na kofia yake ya kazi, mlima nyuma yake. Na mlima ule hausubiri mtu amalize kupigwa picha. Asubuhi unauona wote, mchana mawingu yameshuka, na kabla hujakunja vyombo mvua imekufikia. Mjomba hakuwahi kumwambia mteja arudi kiangazi. Alikuwa na Zenit-E ya Urusi, nzito ya kuumiza shingo, na alinifundisha mimi, msichana wa shule, kuitumia huku maji yakitiririka kwenye mabati.

Kamera za filamu si za aina moja, na hapo ndipo makala yenu ilipochanganya mambo. Chukua Pentax K1000 na Canon AE-1. Zote mbili ziliingia sokoni mwaka 1976. Pazia la Canon, lile linalofunguka kuingiza mwanga kwenye filamu, huongozwa kwa umeme: betri yake ya volti 6 ikifa, au unyevu ukiingia kwenye saketi, bonyeza utakavyo, haifyatuki. Yangu ni Pentax. Ndani yake mna springi, magurudumu ya meno, na mapazia mawili ya kitambaa yanayopita mbele ya filamu. Betri yake ni ile ndogo ya LR44, nayo ina kazi moja tu, kuiinua sindano ya kipima mwanga unayoiona ukichungulia. Betri ikifa, sindano inalala, lakini kamera inaendelea na kazi kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000. (Mwenye nayo afunike lenzi kila anapoiweka chini, kwani haina swichi ya kuzima kipima mwanga, mwanga ukiingia, betri inaliwa.) Kijana mwenye Canon akiambiwa ajihadhari na mvua, nakubali. Mwenye Pentax hii, Zenit, au Nikon FM2, asitishwe. Zipo pia zilizotengenezwa makusudi kwa maji, kama Nikonos, ambazo milango yake yote imezibwa kwa pete za mpira. Mgeni mmoja aliyeshuka mlimani aliwahi kunishikisha yake, nikamrudishia haraka kabla roho haijaingia tamaa.

Sindano ikilala ndipo fundi anajulikana. Kanuni ya kusoma mwanga kwa macho ni nyepesi: jua kali bila wingu, weka tundu la lenzi f/16 na kasi inayokaribiana na namba ya filamu, yaani kwa filamu ya ISO 400, kasi ya 1/500. Anga ikifunga, fungua hadi f/8. Mawingu yakiwa mazito ya kutishia, f/5.6. Mvua yenyewe ikishuka, mimi hukaa kwenye f/4 na 1/250, na chini ya migomba au ndani ya turubai la msibani nateremka hadi f/2.8 na 1/60. Ukiwa na shaka, ongeza mwanga. Negativu ya rangi huvumilia mwanga uliozidi kwa hatua mbili bila kulalamika, ila ikipungukiwa kiasi hichohicho, vivuli vinatoka vya kijivu, havina kitu ndani. Kwa sababu hiyo msimu wa mvua nabeba filamu za ISO 400, kwa nyeusi na nyeupe natumia Ilford HP5 Plus, na zile za ISO 100 nazingojeshea Januari.

Sasa maji yenyewe. Watu hukimbilia kufunika lenzi, ilhali kioo cha mbele kinafutika na kazi ikaendelea. Maji yenye madhara huingia kwa juu: kuzunguka kitufe cha kasi, chini ya mkono wa kusogezea filamu, kwenye kishikio cha kuirudishia, na pale inapokaa flashi. Yakishapita hapo yanateremka hadi kwenye prizimu na kioo cha ndani, na fundi wa kufungua kamera mpaka huko siku hizi utamtafuta na tochi mchana. Kwa hiyo kamera inahitaji paa. Mimi natumia kavera ya mkate, yaani mfuko wa plastiki, ile inayopitisha macho. Najua serikali haiipendi kavera, na ina haki, kwa hiyo nikipata nzuri naiosha na kuitunza, siitupi mtaroni. Natoboa tundu kwenye kitako chake, napitisha lenzi, naifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli nyuma ya kofia ya lenzi. Mdomo wa kavera unabaki wazi, unaning'inia chini upande wangu, na mikono inaingilia huko. Usiufunge. Ukiufunga, joto la mikono na pumzi vinageuka mvuke humo ndani, na utakuwa umeitengenezea kamera mvua ya peke yake.

Mbele ya lenzi nafunga kichujio cha UV, ili nikifuta nifute hicho na si lenzi. Cha kufutia kiwe pamba iliyofuliwa ikachoka. Kitenge kipya bado kina nta. Hakinywi maji, kinayasambaza tu, na picha zako zote zitaonekana zimepigwa kwenye ukungu wa alfajiri.

Mwavuli unashinda kavera zote ukimpata wa kuushika. Msibani au harusini hakosekani mtoto wa ndugu aliyechoka kukaa na watu wazima. Mfundishe asimame upande upepo unakotokea, na ukingo wa mwavuli usiwe juu ya mikono yako, kwa sababu maji yanayochuruzika pale ukingoni ni mengi kuliko ya mvua na yanatua palepale kwenye kitufe cha kasi. Jambo la pili ni rangi ya mwavuli. Huku kwetu mingi ni ile ya makampuni ya simu, ya njano na nyekundu. Kwa filamu nyeusi na nyeupe haina neno. Kwa filamu ya rangi, bibi harusi aliyesimama chini ya mwavuli wa njano anatoka na uso wa homa ya manjano, na mama mkwe atakuuliza. Tafuta mweusi, au mweupe ukibahatika.

Kubadilisha filamu ndiyo saa ya hatari. Mgongo wa kamera ukishafunguliwa, tone moja likitua kwenye pazia au kwenye bamba linaloikandamiza filamu linaweza kuharibu zaidi ya picha moja. Mimi narudi barazani kwa watu, naifuta kamera nje kwanza, nakausha mikono hadi kwenye kucha, nageukia ukuta, ndipo nafungua. Nikiona nimefika picha ya 30 na wingu limesimama juu ya Kilembe, nabadilisha mapema. Picha 6 zilizobaki nazisamehe. Filamu ina tabaka la jelatini, na jelatini hunywa unyevu, ikavimba na kunata, kwa hiyo sogeza polepole na urudishe polepole. Roli ikitumbukia majini, akili itakuambia uikaushe. Usiikaushe. Ikikaukia ndani ya kopo lake, mzunguko mmoja unagandana na mwingine na hakuna atakayevitenganisha bila kuchana picha. Itie kwenye chombo chenye maji safi, ifunike, na uiwahishe kwa anayesafisha filamu siku hiyohiyo.

Msomaji atauliza, kwa nini taabu yote hii? Kwa sababu ya picha zenyewe. Aende mtu Mpondwe siku ya soko mvua ikinyesha, asimame upande wetu wa daraja la Lhubiriha. Turubai za buluu zinang'aa, akina mama wanavuka kutoka Kongo na mizigo kichwani na viatu mkononi, na barabara inawaonyesha mara mbili. Jua kali la saa saba halikupi hilo. Linakupa nyuso zenye macho yaliyozama kwenye vivuli. Mvua yenyewe haionekani ukiielekeza kamera kwenye anga jeupe. Iwekee kitu cheusi nyuma, migomba au mlango wa duka ulio wazi, na mwanga utoke mbele yako. Kwa kasi ya 1/500 matone yanasimama hewani. Kwa 1/60 yanakuwa nyuzi. Kwa 1/30 nyuzi zinakuwa ndefu, ila uegemee ukuta. Mimi napenda 1/60. Mwanangu anapenda yasimame, tumebishana sana.

Flashi iache mfukoni. Matone yaliyo karibu na lenzi yatameremeta na kutapakaa meupe mbele ya uso wa mtu. Tena ndani ya flashi mna volti mamia zilizohifadhiwa hata ukiwa umeizima, na kitu hicho kikilowa si cha kuchezea wala kufungua kwa bisibisi ya nyumbani. Na nimeshangaa makala yenu haikutaja radi hata mara moja, ilhali Uganda ni nchi ya radi. Ngurumo zikikaribia, kunja miguu ya chuma ya kamera, ondoka mlimani na chini ya mti, ingia ndani ya nyumba. Picha ya radi wapige wengine.

Hadi hapa mwandishi wenu na mimi tungeweza kupatana. Tunapoachana kabisa ni baada ya mvua. Kamera nyingi nilizoletewa zikiwa zimekufa hazikuuawa na mvua. Ziliuawa na yale majuma yaliyofuata, ndani ya ile kesi nzuri ya ngozi iliyokuja nayo. Ngozi inakunywa maji na haiyatoi upesi. Kuifungia kamera mbichi humo ni sawa na kumlaza mtoto na nguo zilizolowa. Giza lipo, joto lipo, unyevu upo, na ukungu, yaani kuvu, hauhitaji kingine. Unaanza kwenye pembe ya kioo, nyuzi nyembamba nyeupe ambazo huzioni mpaka uielekeze lenzi kwenye taa na kuchungulia kwa ubavu. Ukungu huo unatoa tindikali inayokula rangi ya kinga iliyopakwa kwenye kioo. Ukiwahi, unafutika, ukichelewa, unaufuta na alama inabaki, na kila taa utakayoipiga itakuwa na utando. Kesi za ngozi nyumbani kwangu zimetundikwa ukutani kwa urembo.

Kuanika juani ni kubaya zaidi. Jua la Kasese mchana linaweza kulainisha grisi iliyo ndani ya lenzi, ikatambaa hadi kwenye majani ya tundu, na majani hayo yakishapata mafuta yanafunga kwa uvivu au hayafungi kabisa. Lenzi nyingi za zamani zina vioo vilivyogandishwa viwiliviwili kwa gundi, na gundi hiyo haipendi kupikwa. Kuhusu mchele: unga wake unaingia kwenye pete ya fokasi, na unyevu unaonyonywa ni kidogo mno kulinganisha na ule ambao ungetoka peke yake kamera ikiachwa wazi hewani. Mchele uachiwe pilau.

Ninachofanya mimi nikifika nyumbani, hata kabla ya kubadilisha nguo, ni kuivua kamera kila kinachovulika: kichujio, lenzi, betri, mkanda wa shingoni (mkanda unashika maji kuliko mnavyodhani). Kama filamu imekwisha na nimeitoa, mgongo nao nauacha wazi. Naifuta, nailaza juu ya taulo kavu mezani mahali hewa inapita, mbali na sigiri na mbali na dirisha lenye jua, na inalala hapo hadi kesho. Ikishakauka ndipo inaingia kwenye sanduku la bati lenye zile chembe za kukausha, zinazokuja ndani ya maboksi ya viatu na makopo ya dawa. Ombeni kwenye maduka ya viatu, wanazitupa. Zikishiba unyevu hazifai tena mpaka zipashwe: zitoe kwenye vifuko vyake vya karatasi, zimwage kwenye kikaango ambacho hakipikiwi chakula, moto mdogo, koroga. Zile za buluu zilizogeuka pinki zitarudi buluu, na hapo ujue ziko tayari. Watoto wakae mbali, hasa na hizo za rangi.

Mjomba hakuwa na chembe. Alikuwa na kabati la mbao lenye balbu ya wati 25 iliyowaka chini usiku na mchana, lenzi zikiwa rafu za juu. Umeme haukumsumbua, mgodi ulikuwa na mtambo wake kwenye mto Mubuku. Vijana wakitaka kuiga kabati hilo wajue kwamba balbu za siku hizi za kuokoa umeme hazitoi joto la maana. Zinawaka tu.

Juu mlimani hali ni nyingine, na ningependa mwandishi wenu aijue kabla hajawashauri wapanda mlima. Kule baridi ikikaza, betri zinazimia. Betri iweke ndani ya shati ikae na mwili. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, na kabla ya barafu unapita mabonde ya matope ambayo gambuti linabaki na wewe unaendelea. Hatari kubwa ya kamera kule haitoki angani. Ni pale unapoingia kibandani kutoka kwenye baridi, moto unawaka, watu wanapika, na kamera baridi inakutana na hewa yenye mvuke. Papo hapo inatoka jasho, nje na ndani, kwenye vioo ambavyo huwezi kuvifikia. Dawa ni kuitia kwenye kavera ukiwa bado nje, ukaifunga kabisa (hapa sasa funga), halafu ukaingia nayo na kuiacha imefungwa mpaka ipate joto la chumba. Maji yatakaa nje ya kavera. Mwitaliano Vittorio Sella alipanda Rwenzori mwaka 1906 na msafara wa Luigi Amedeo, Dyuki wa Abruzzi, akaipiga milima hiyo picha ambazo hadi leo watafiti wanazitumia kupima barafu ilivyopungua. Hakungojea kiangazi cha uhakika, maana kule hakipo.

Kama mwandishi wenu anatafuta cha kuwatisha vijana, awatishe na vumbi. Januari na Februari, barabara za murramu, gari moja likipita mbele yako umekula udongo mwekundu. Chembe moja ikikaa kwenye bamba la nyuma ya filamu inachora mstari mrefu kuanzia picha ya kwanza hadi ya 36, na hakuna wa kuufuta. Kuna pia Katwe. Nimepiga picha wachota chumvi wa ziwa lile, na upepo wake una chumvi inayokaa kwenye kila skrubu. Ukitoka Katwe, futa kamera kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo kwa maji baridi ya kawaida, kisha kikavu, siku hiyohiyo. Maji ya mvua hayana chumvi. Hayohayo mnayoyakimbia nayakinga kwenye tangi, nayachuja kwa kitambaa, na ndiyo nasuuzia filamu mara ya mwisho. Ya bomba na ya kisima yanaacha madoa meupe ya chokaa yakikauka, ya mvua hayaachi.

Nimalizie na mafuriko, kwa sababu watu bado wananiletea vitu. Mto Nyamwamba ulivunja kingo tarehe 1 Mei 2013, na Mei 2020 ukarudia, ukaivamia hadi hospitali ya Kilembe. Waliookoa chochote waliokoa watoto, kisha albamu. Picha za maabara zilizoloweshwa na matope nyingi tuliziokoa. Zilizochapwa kwa printa ya wino zilitiririka zote. Albamu ikilowa, usibandue picha kwa nguvu kutoka kwenye nailoni. Iloweshe tena kwenye beseni la maji safi ya baridi mpaka iachie yenyewe, uilaze juu ya kitambaa uso ukitazama juu, kivulini. Negativu zisuuze, zitundike kwa kibanio cha nguo na kingine chini kama uzito. Familia moja ilipoteza picha zote za ukutani, ila baba alikuwa amehifadhi negativu kwenye bahasha ndani ya bati la majani ya chai, na tulizichapa upya. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda kule Kampala lilionyesha picha za enzi za Idi Amin zilizochaguliwa kutoka negativu takriban 70,000 zilizokutwa zimehifadhiwa kwenye shirika la utangazaji, UBC. Wapiga picha wa serikali waliozipiga nao walisimama kwenye viwanja vya wazi, na mvua ya Kampala mnaijua.

Naomba basi mchapishe marekebisho kuhusu jua na mchele, hata kwa mistari miwili, kabla msimu huu haujaanza.

Na ombi langu binafsi kwa wasomaji. Sponji nyeusi nyembamba inayozuia mwanga kwenye mlango wa nyuma wa kamera huoza kwa uzee, ikageuka lami inayonata, na kwenye unyevu inaoza haraka zaidi. Kwenye Pentax yangu nimeikwangua na mahali pake nimetia uzi mweusi wa sufu wa kufumia sweta. Kwenye mifereji ya juu na chini unashika vizuri. Kwenye bawaba hautoshi, mwanga unapenya na picha zinapata mstari wa machungwa upande mmoja. Anayejua duka lolote, Kampala au hata Nairobi, ambako bado wanauza sponji hiyo kwa mita, aandike kupitia ukurasa huu.

Wenu,
Mama Picha,
Kasese, Uganda